Baiti nne katika kila elfu nne: somo la draiva ya kumbukumbu flashi



Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kumwona mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu akiandika juu ya draiva. Nami nisingeandika lau si mtoto mmoja wa madrasa ya mtaa wetu, Mocímboa da Praia, aliyenisomea Suratul Fatiha likizo iliyopita. Alisoma vizuri mpaka neno la mwisho, lile lenye madda ya harakati sita. Hapo akaivunja madda katikati, kama mtu aliyeingiza hamza ndogo pasipo hamza. Nikamrudisha. Akasoma tena, akavunja palepale. Nikamwuliza nani kamfundisha hivyo. Akaonesha kisanduku cha plastiki kilichokuwa juu ya rafu.

"Maalim," akasema.

Maalim wetu ameshatangulia mbele ya haki, Allah amrehemu. Sauti ya kwenye kisanduku ilikuwa yake kweli, lakini hamza ile haikuwa yake. Ilikuwa yetu, mimi na kaka yangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye ni fundi simu na ndiye aliyekiunda kisanduku. Ilitoka katika mstari mmoja wa programu. Somo hili ni juu ya mstari huo.

Kwanza nieleze kisanduku kilitoka wapi. Mji wetu ulishambuliwa mara ya kwanza alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017. Agosti 2020 ukaanguka mikononi mwa wapiganaji, na haukurudi mpaka Agosti 2021, majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoingia. Wenyeji walitawanyika, wengine Pemba, wengine Palma, wengine walivuka Ruvuma. Waliporudi, madrasa haikuwa na msahafu hata mmoja, wala ubao, wala maalim. Kilichosalia ni kanda mbili za kaseti, za saa moja moja, ambazo familia moja ilikimbia nazo hadi Pemba. Humo Maalim anasoma Fatiha na Juzuu Amma polepole, kama alivyokuwa akisomesha watoto, neno kwa neno.

Tulizihamisha kanda zile kwenye simu yangu, kisha kaka akaunda kisanduku: kompyuta ndogo ya chipu moja, spika, betri, na chipu ya kumbukumbu flashi yenye miguu minane, isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Utauliza kwa nini hatukutumia memori kadi ya kawaida. Kadi huchomolewa. Itaingia kwenye simu ya mtu jioni, asubuhi irudi na miziki. Chipu iliyochomelewa haichomoki.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Sauti ya kusema, ikishakandamizwa, ilitutosha kwa baiti 2,000 kwa sekunde. Saa mbili ni baiti 14,400,000. Chipu yetu ni ya megabaiti 16, yaani baiti 16,777,216. Ilitosha na kubaki.

Sasa tuingie kwenye somo.

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kikomo cha uchukuzi. Maji yakipwa, jahazi haliwezi kufika ufukweni. Linatia nanga mbali, na shehena inashushwa kwa mashua, na kutoka kwenye mashua inabebwa begani. Jahazi lina magunia mia tatu, mashua inabeba arobaini, mchukuzi anabeba moja. Hakuna anayeilaumu mashua kwa kubeba arobaini. Lakini yupo karani ufukweni mwenye daftari, na kazi yake ni moja tu: kujua yameshuka mangapi na yamebaki mangapi. Draiva ni karani huyo. Programu ya juu inamwambia, "Nipe baiti 4,096 kuanzia anwani fulani," bila kujua lolote kuhusu mashua. Chini yake kuna kidhibiti, yaani sehemu ya kompyuta inayozungumza na chipu kupitia nyaya nne, na chini kabisa ipo chipu yenyewe. Chipu ina vikomo vyake, kidhibiti nacho kina vyake, na draiva peke yake ndiyo inayovijua vyote.

Nianze na chipu, kwa sababu vikomo vyake ni vikali. Chipu za aina hii huandikwa kwa kurasa za baiti 256. Amri moja ya kuandika haiwezi kuvuka mpaka wa ukurasa. Ukijaribu kuivusha, chipu haitakataa wala kulalamika. Anwani inarudi mwanzo wa ukurasa uleule, na baiti zako zinazofuata zinachukua nafasi ya zile ulizotanguliza. Ukipeleka baiti 300 kuanzia mwanzo wa ukurasa, zile 44 za mwisho zinakalia nafasi ya 44 za mwanzo, na ukurasa unaofuata unabaki mtupu. Ndiyo maana draiva hukata kazi kwenye mipaka ya kurasa. Tuseme unataka kuandika baiti 1,000 kuanzia anwani 1,000. Mpaka wa karibu ni 1,024, kwa hiyo kipande cha kwanza ni baiti 24 tu. Kisha 256, 256 na 256, na kipande cha mwisho ni 208. Jumlisha mwenyewe. Watu wengi hukosea kipande cha kwanza, kwa sababu wanagawa kwa 256 bila kutazama wameanzia wapi.

Kabla ya kila kipande, chipu inadai amri nyingine ya kuiruhusu kuandika. Ruhusa hiyo inatumika mara moja. Ukurasa ukishaandikwa, inafutika yenyewe, na amri ya kuandika inayofuata bila ruhusa mpya inapuuzwa kimya. Kaka alilipata hili kwa taabu. Mara ya kwanza ukurasa mmoja tu uliandikika na kilichofuata chote kilikuwa kitupu. Nilipoelezwa nikacheka, maana tumesoma jambo hili katika mlango wa saumu. Kwa Imam Malik nia moja usiku wa kwanza inatosha kwa Ramadhani nzima. Kwa Imam Shafi kila usiku unahitaji nia yake. Chipu hizi, kama sisi watu wa pwani, ni Mashafi.

Baada ya kila kipande kuna kusubiri. Chipu inayo rejista ya hali, na ndani yake biti moja inayosema "bado nina shughuli." Draiva inaisoma tena na tena mpaka biti hiyo iwe sifuri, ndipo ipeleke kipande kingine. Asiyesubiri amri yake inapuuzwa vilevile. Kufuta nako kuna kipimo chake: sehemu ndogo kabisa inayofutika ni sekta ya baiti 4,096, kwa hiyo huwezi kufuta baiti moja ukaiacha jirani yake. Na anwani yenyewe ina kikomo. Ikibebwa kwa baiti tatu, inafika mwisho kwenye megabaiti 16 kamili. Chipu yetu ilikuwa inaishia hapohapo. Mwenye chipu kubwa zaidi anahitaji anwani ya baiti nne, la sivyo atarudishwa mwanzo wa chipu na kuandika juu ya kazi yake mwenyewe.

Kusoma ni kwepesi zaidi. Ukitoa amri ya kusoma na anwani, chipu inaendelea kutoa baiti moja baada ya nyingine bila kujali mipaka ya kurasa, mradi waya wa kuichagua haujaachiwa. Ukiuachia, imesahau kila kitu. Ukirudi lazima uanze na amri upya na anwani mpya ya pale ulipofikia. Kwa kuwa kusoma hakuna mipaka ya kurasa, mtu hudhani hakuna kikomo chochote. Hapo ndipo kidhibiti kilipotukamata.

Kidhibiti chetu, kinapohamisha data moja kwa moja kwenda kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kinabeba baiti 4,092 kwa safari moja. Namba hii inaonekana ya ajabu mpaka ujue ilipotoka. Urefu wa safari unaandikwa katika nafasi ya biti 12, na namba kubwa kabisa inayoingia humo ni 4,095. Urefu unatakiwa ugawanyike kwa nne, kwa hiyo unashuka hadi 4,092. Vidhibiti vingine vina kaunta ya biti 16, vikomo vyao ni 65,535. Hapo ukiomba 65,536 kaunta inasoma sifuri. Kidhibiti chetu hichohicho, kikifanya kazi bila uhamishaji wa moja kwa moja, kinabeba baiti 64 tu kwa safari. Kuna vidhibiti ambavyo amri na anwani vinakaa ndani ya mzigo uleule. Amri baiti moja, anwani tatu, basi kati ya 64 zimebaki 60 za data. Katika Linux jambo hili limetenganishwa vizuri: kidhibiti kinaweza kutangaza kikomo cha uhamishaji mmoja na kikomo cha ujumbe mzima, na anayeandaa safari ya flashi anatoa kwanza baiti za amri, anwani na nafasi ya kusubiri, ndipo ajue data gani inaingia. Asiyetoa hesabu hiyo atazidisha mzigo kwa baiti chache, na baiti chache ndizo zinazochelewa kuonekana.

Programu yetu ya kucheza sauti ilikuwa inaomba sekta nzima, baiti 4,096. Kidhibiti kilikuwa kinakataa, kisanduku kinaganda. Kaka akatafuta, akaona kikomo, akaandika mstari huu:

kama urefu > 4092: urefu = 4092

Kisanduku kikaacha kuganda. Sauti ya Maalim ikatoka, na bibi zetu wawili wakalia. Hakuna aliyefikiria tena juu ya mstari ule.

Tazama ulifanya nini. Programu iliomba baiti 4,096. Draiva ikaleta 4,092, kisha ikarudisha jibu la "sawa." Programu ikaamini, ikazitumia zote 4,096, na zile nne za mwisho katika bafa hazikuwahi kujazwa na mtu, zilikuwa sifuri tangu mwanzo. Halafu ikaomba sekta inayofuata. Baiti nne katika kila sekta, kwa sauti ya baiti 2,000 kwa sekunde, ni kasoro moja kila baada ya sekunde mbili na kidogo. Kipande cha sauti chenye baiti hizo kilikuwa kinaharibika na kusikika kama kwikwi fupi. Katika konsonanti huisikii. Katika irabu ndefu inasikika kama hamza.

Sisi watu wazima tuliisikia. Tukasema kanda zenyewe kuukuu. Kilichotuponza ni kwamba kasoro ya kanda huhama, na hii ilikuwa haihami: kila ukicheza, inatokea mahali palepale, herufi ileile. Mtoto anayejifunza kwa masikio hana namna ya kujua kwamba kwikwi si sehemu ya kisomo. Kwake kila kinachorudiwa bila kubadilika ni somo.

Nilipomaliza na yule mtoto nikaenda kwa kaka, na hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyoionesha. Simu yangu ilikuwa imejaa, na kisanduku kilipoandika "imekamilika" nililifuta lile faili mimi mwenyewe. Kanda moja kati ya mbili ilikuwa imekatika utepe wakati wa kuihamisha. Kama baiti zile nne zilipotea wakati wa kuandika, basi zilikuwa zimepotea kabisa.

Tukaitoa data ya chipu kwenye kompyuta, tukaitazama namba kwa namba. Mwisho wa kila sekta palikuwa na sifuri nne. Kaka akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Flashi tupu haisomi sifuri." Alikuwa sahihi. Chipu ya namna hii ikifutwa, biti zake zote zinakuwa moja. Mahali pasipoandikwa pangesoma 255, si 0. Basi sifuri zile hazikutoka kwenye chipu. Zilitoka kwenye bafa yetu. Kuandika kulikuwa kumefanyika kwa vipande vya 256, ambavyo kikomo cha 4,092 hakiwezi kuvigusa. Baiti zilikuwapo muda wote, ila karani hakuwa akizileta.

Mstari ule tukauondoa, tukaweka hii mahali pake:

jumla = 0
maadamu jumla < urefu:
    kipande = kidogo zaidi kati ya (urefu - jumla) na kikomo
    n = leta(anwani + jumla, bafa + jumla, kipande)
    kama n < 0: rudisha n
    kama n == 0: rudisha KOSA
    jumla = jumla + n
rudisha jumla

Mistari minane. Mstari wa nne unasogeza anwani na mahali pa kuwekea kwa pamoja. Ukisahau kimoja, utasoma mahali pamoja mara mbili au utafunika ulichokwisha kusoma. Mstari wa saba unaongeza n, yaani kilichofika kweli. Wapo wanaoongeza kipande, yaani walichoomba, na kwa miezi mingi hawatoona tofauti, mpaka siku kidhibiti kitakapoleta pungufu. Mstari wa sita unaonekana kama hauna kazi. Lakini ukiletewa sifuri bila kosa, jumla haiongezeki na utazunguka humo milele. Draiva ya flashi ya aina hii katika Linux nayo inasoma sifuri kama kosa la kuingiza na kutoa data, inaacha.

Tulibishana kidogo na kaka kuhusu nani awajibike. Yeye alisema programu ya juu ndiyo ingeomba 4,092 tangu mwanzo. Mimi sikubali. Programu hiyohiyo kesho itakaa juu ya kidhibiti kingine chenye kikomo cha 64, na haiwezi kuandikwa upya kwa kila mashua. Anayejua kikomo ndiye agawe kazi. Kama hawezi kugawa, akatae waziwazi. Kisanduku kilichoganda kilikuwa kinasema kweli. Kama ameleta pungufu, aseme ni ngapi. Katika mlango wa wakala tumefundishwa kwamba wakili ni mtu wa amana: aliyepewa mbuzi kumi auze, akauza saba, harudi na maneno "nimeuza." Anarudi na bei ya saba na mbuzi watatu.

Usidhani haya ni ya visanduku vya kienyeji tu. Flashi ya USB unayobeba mfukoni inapitia njia hiyohiyo. Linux, kwa flashi za USB za kawaida, haipeleki zaidi ya sekta 240 za baiti 512 katika amri moja, yaani baiti 122,880, kwa sababu baadhi ya vifaa vilivyo sokoni havikuweza kuhimili zaidi na havikusema. Wapo walioshindwa hata hizo. Kwao imewekwa orodha ya kipekee, na wanapelekewa sekta 64 tu kwa mara moja. Kama kompyuta yako ina Linux, chomeka flashi na usome faili la /sys/block/sda/queue/max_hw_sectors_kb, ukibadilisha sda kwa jina la kifaa chako. Ukiona 120, ndiyo ile 240 iliyogawanywa kwa mbili. Unaponakili faili la megabaiti 700, linakatwa maelfu ya vipande, na wewe unaona mstari mmoja wa kijani ukisogea.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa la baiti mia moja, salamu tuliyoiandika na kuisoma. Lilipita, na lingepita hata draiva ingekuwa mbovu mara kumi. Sasa tunajaribu kwenye mipaka: 255, 256 na 257 kwa kuandika, 4,091, 4,092, 4,093 na 4,096 kwa kusoma, na kila moja tukianzia anwani isiyogawanyika kwa 256. Data ya majaribio iwe namba zisizojirudia. Ukijaza sifuri tupu, kasoro kama yetu haitaonekana kamwe.

Lililobaki ni la kuhakikisha, na hapa nilijikuta nyumbani. Wanachuoni wa hadithi walisisitiza mukabala, yaani kuisoma nakala ikikabiliana na asili yake. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, alipendekeza kwamba duara zinazotenganisha hadithi na hadithi ziachwe tupu wakati wa kunakili, kisha kila hadithi ikimalizika kukabiliwa, nukta itiwe ndani ya duara lake. Ibn as-Salah ameyanukuu hayo katika kitabu chake cha elimu ya hadithi. Anayefungua nakala anaona papo hapo ni wapi pamehakikiwa na ni wapi mwandishi ameandika tu na kuendelea.

Nilimweleza kaka, akaruka kutoka kwenye kiti. Flashi ya namna hii ina tabia moja: kuandika kunaweza kugeuza biti kutoka moja kuwa sifuri, bali kuirudisha kuwa moja hakuwezekani ila kwa kufuta sekta nzima. Biti ambayo haijaguswa ni duara tupu. Kuigeuza sifuri ni kutia nukta, na hakuhitaji kufuta chochote. Chipu yetu ina sekta 4,096. Nukta 4,096 ni baiti 512, kurasa mbili tu. Tukatenga sekta ya mwisho kwa kazi hiyo. Sasa kisanduku kikiandika sekta kinaisoma tena kutoka kwenye chipu, kinailinganisha baiti kwa baiti na faili lililo kwenye kompyuta, na nukta inatiwa baada ya hapo. Neno "imekamilika" halitokei mpaka sekta zote zilizoandikwa ziwe na nukta.

Lakini faili la kwenye kompyuta lilikuwa nalo limetoka kwenye chipu, na asili yake ni utepe uliokatika. Mashine ingelinganisha nakala na nakala. Kwa hiyo kabla ya kuandika visanduku vingine tulimwomba mama mmoja, aliyesoma kwa Maalim tangu utotoni, akae na msahafu asikilize saa zote mbili. Alikaa siku tatu baina ya asri na magharibi. Alisimamisha mara tano. Mara nne ilikuwa jogoo wa kwenye kanda, na mara moja Maalim mwenyewe alikuwa amekohoa na kurudia.

Visanduku sasa ni sita. Yule mtoto bado anavunja madda. Kisanduku kilitengenezeka kwa mistari minane jioni moja, yeye alikaa nacho miezi minne. Maalim mpya anamsomesha neno lile kila siku baada ya alfajiri, na barua ya mwisho ya kaka inasema siku nyingine hulipatia.